Lanchi ya euro 68 Paris iliyotoka 255: risiti ya shemeji mstari kwa mstari

Shemeji yangu ni mtu wa Tanga, anakaa Rotterdam. Mwezi wa tano alimchukua dada wakapanda treni mpaka Paris kusherehekea miaka kumi ya ndoa, na kwenye ratiba yao akaweka kitu kimoja cha kifahari, lanchi kwenye mgahawa wa nyota moja ya Michelin, wilaya ya 8, kule kwa wenye hela zao karibu na Champs-Élysées. Menyu ya mchana euro 68 kwa mtu: kianzio, chakula chenyewe, na kitamu cha mwisho. Wawili ni 136, akajiwekea 160 kichwani kwa ajili ya kahawa na dharura. Bili ikaja 255, juu yake akaacha 30 keshi mezani, na jioni picha ya risiti ikatua kwenye grupu la familia na maneno mawili tu, "wazungu wamenipiga".

Kwa kuwa mimi nimefanya kazi kwenye migahawa ya Ufaransa, nilianzia nyuma kuosha masufuria nikaja kuhamia mbele kubeba sahani, watu wakaanza kunitag nitoe hukumu. Nikaomba na picha ya menyu, bahati nzuri dada alikuwa kaipiga. Shemeji karuhusu niyaandike ili mradi nisiwataje, wala mgahawa siutaji.

Hukumu yenyewe ni hii: kwa sehemu kubwa hajapigwa. Kuna mstari mmoja kapigwa kweli, ila sio ule anaoulilia.

Risiti ilivyo, nimeitafsiri:

Menyu ya mchana x2: 136
Juisi maalum ya nyumba x2: 32
Maji chupa x2: 22
Nyongeza, sole (samaki): 28
Jibini x1: 19
Kahawa/chai x2: 18
Jumla: 255. Chini kabisa: TVA (kodi yao ya mauzo) 10%, 23,18.

Huo mstari wa mwisho hakuna aliyeuangalia na ndio ulionisaidia kwanza, maana mama mkwe alishaanza kuuliza mle grupu "na pombe je?". Ufaransa chakula cha mgahawani na vinywaji visivyo na kilevi vinakatwa kodi ya 10%, kilevi kinakatwa 20%, na risiti inazitenganisha. Hii ina 10% peke yake, piga hesabu 255 gawanya kwa 1.1 unapata 231.82, kinachobaki ndio hizo 23.18. Kwa hiyo hakuna glasi ya shampeni iliyofichwa popote, mama alale. Kilevi kwenye sosi ni habari nyingine, nitaifikia.

Kwanza hiyo 68 yenyewe, kwa sababu shemeji anasema ilikuwa chambo. Usiku palepale menyu ya sahani sita ni 165, imeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo aliyopiga dada. Jiko ni lilelile, sahani zilezile, sasa mchana wanatoaje kwa chini ya nusu? Wapishi wameshaingia asubuhi kwa ajili ya usiku, mifupa inachemka, samaki wanaparuliwa, mkate uko kwenye oveni, hata asipokuja mtu mchana hao wote wanalipwa na kodi ya jengo haisubiri. Meza ikikaa tupu saa sita na nusu ni hasara tupu, ikikaliwa kwa 68 angalau inachangia mshahara. Halafu sokoni hawanunui vitu sawa. Mchana unapewa yai, kanga (ndege, sio nguo), samaki wa kawaida wa Atlantiki kama lieu jaune, na mboga za msimu zilizofanyiwa kazi ya maana. Samaki wa bei kama turbot, kamba wakubwa, njiwa, hao wanasubiri wa usiku. Na uchaguzi ni vitu viwili viwili kila hatua, kwa hiyo jiko linajua linanunua nini na hakimwagwi kitu. Ndio maana menyu hizi ni Jumatatu mpaka Ijumaa, au Jumanne mpaka Ijumaa maana wengi Jumatatu wanafunga, zimelenga watu wa maofisini wanaotaka kutoka saa nane. Jumamosi ukienda mara nyingi unaambiwa haipo.

Kwa hiyo sio chambo, ni bei halali, na mimi naona ni dili bora kuliko yote kwenye mapishi ya Kifaransa ya juu. Nyota zenyewe, kwa wasiojua, zinatolewa na kampuni ya matairi. Michelin walianza kutoa kitabu chao 1900 ili wenye magari watembee zaidi na matairi yaliwe, nyota zikaja 1926, na kufika 1931 wakaanza ngazi za moja mpaka tatu. Nyota inapimwa kwa kilichomo kwenye sahani, mapambo hayahesabiwi, na mpishi wa kianzio chako cha mchana ndiye huyohuyo wa usiku.

Ila 68 ni ya chakula tu. Hapo ndipo watu wanapoanguka, na wanaanguka dakika kumi za mwanzo kabla hata hawajafungua kitambaa cha mapajani.

Dada anasema walivyokaa tu kaja kijana mtanashati, katabasamu, kauliza "mtaanza na kitu gani?" Hakuuliza kama wanataka kuanza na kitu. Nikacheka kwa sababu na mimi nilifundishwa kuuliza hivyohivyo, ukiuliza "mngependa?" mteja anapata nafasi ya kusema hapana. Wakasema hawanywi pombe, kijana hata hakutikisika, kawaambia wana juisi zao wenyewe wanazitengeneza hapohapo, moja ya rhubarb na nyingine ya tufaha na majani fulani. Vizuri, leta. Sasa hiyo ndiyo 32 shemeji anayoilalamikia kuliko zote, "euro 16 juisi ya tufaha jamani". Lakini kadi ya vinywaji ilikuwa mezani na bei imeandikwa, dada mwenyewe kakiri. Mgahawa wa namna hii faida yake iko kwenye glasi, chupa ya mvinyo kuuzwa mara tatu au nne ya bei waliyonunulia ni jambo la kawaida kabisa, kwa hiyo zamani meza ya wasiokunywa ilikuwa inaangaliwa kama meza iliyokufa. Siku hizi wamekuwa wajanja, wanatengeneza juisi na chai baridi na kuziuza karibu na bei ya mvinyo. Ni ghali, ndiyo. Wizi, hapana. Kusema "hapana asante, tutaanza na chakula" ni ruhusa na hakuna anayekununia, au akikununia ni shida yake.

Maji ndiyo yaliyoniuma mimi. "Ya kawaida au yenye gesi?" Hilo swali lina majibu mawili na yote mawili yanalipiwa. Jibu la tatu halisemwi: "une carafe d'eau, s'il vous plaît", jagi la maji ya bomba, bure. Ufaransa hiyo ni sheria, sio fadhila. Sheria ya tarehe 10 Februari 2020 ya kupunguza taka inaulazimisha mgahawa utoe maji ya kunywa bure na uandike kwenye menyu au kwenye tangazo kwamba yapo, na hilo limeanza kutumika Januari 2022. Nikazumu ile picha ya dada, na kweli, chini kabisa kwa herufi za sisimizi, imeandikwa. Nyota moja, nyota tatu, wote wanabanwa. Nyumbani Tanga kwa mama ntilie jagi liko mezani kabla hujaagiza, na mtu wa Tanga kaenda Paris kaona aibu kuomba jagi!

Chupa ya kwanza waliikubali, 11, haina neno. Ya pili haikuulizwa. Iliisha ya kwanza, mtu kapita, kafungua nyingine, kamimina, kaondoka. Ni tabia ya kazi, wengine wanaita huduma nzuri. Mimi nikiwa mezani namzuia mkono, kwa upole tu.

Na kituko ni kwamba mahali ambapo vitu vilikuwa bure shemeji alikuwa anakataa. Vile vitu vidogo vitatu vinavyoletwa mwanzo bila kuagizwa, kile kibiskuti cha jibini na kikombe cha supu cha kumeza mara moja, alimnong'oneza dada wasiguse maana hawajaagiza. Kikapu cha pili cha mkate alikirudisha! Mkate Ufaransa hauhesabiwi, unakula mpaka utosheke, na siagi yake. Ni Italia ndiko utakutana na ada ya kukaa mezani, wanaiita coperto, Ufaransa hutoiona. Kwa hiyo kakataa mkate wa bure na kukubali maji ya 22.

Sasa tuje kwenye kiini, yaani ile 28.

Menyu ya siku ile, chakula chenyewe kilikuwa na chaguo mbili: kifua cha kanga na kabichi na mchuzi wake, au lieu jaune na beurre blanc, sosi ya siagi. Dada hali nguruwe na hagusi chenye pombe, na nyama isiyochinjwa kwa taratibu yake pia haingii. Kamuuliza kijana, kwenye kanga kuna nguruwe? Kijana kaenda jikoni karudi, ndiyo madam, kabichi imepikwa na vipande vya nguruwe wa kukaushwa. Na kwenye samaki kuna mvinyo? Ndiyo, kidogo, kwenye sosi. Huyo kijana alijibu ukweli na nampa hongera, maana nimeona wenzangu wakijibu "hakuna" bila hata kwenda jikoni.

Watu wengi wanadhani mgahawa unalazimika kuwa na karatasi inayoonyesha vyote hivi. Upo wajibu, sheria ya Umoja wa Ulaya namba 1169/2011, inayotumika tangu Desemba 2014, inataka mteja aweze kujua vitu 14 vinavyoleta aleji: ngano na jamaa zake, mayai, maziwa, karanga, ufuta, haradali, mpaka figili ile ya celery imo. Nguruwe hayumo. Pombe haimo. Kwa hiyo jiko litakuwa na faili zima la nani kaweka haradali wapi na hawatakuwa na mstari mmoja kuhusu mafuta ya nguruwe, sio kwa ubaya, hakuna aliyewaambia waandike. Usipouliza hujui.

Na mapishi ya Kifaransa haya mambo yamo ndani kabisa, hayaonekani kwa jicho. Beurre blanc msingi wake ni vitunguu vidogo vilivyochemshwa kwenye mvinyo mweupe na siki mpaka vikauke ndipo siagi inapigwa humo. Mchuzi wa nyama, sufuria inakwanguliwa kwa mvinyo karibu kila mara, na jina la mchuzi halitakwambia. Pâté, ile nyama ya kusagwa, inaweza kuitwa ya bata na nusu yake ni nguruwe. Kitamu cha mwisho chenye kutikisika, mousse iliyosimama vizuri au bavarois, mara nyingi kina jelatini, na jelatini nyingi ya Ulaya inatoka kwenye ngozi ya nguruwe. Ile keki yao inayoitwa "baba" inalowekwa kwenye ramu waziwazi. Kama mvinyo ukichemka pombe yote inaisha au inabaki, kuna inayobaki, kiasi kinategemea umechemsha muda gani, na hukumu yake waulizwe masheikh sio mimi. Shemeji alishaagiza lieu jaune kabla dada hajauliza swali lake, sahani yake ikaja na beurre blanc yake yote, kaila kimya. Hilo wameshaliongea wao wenyewe.

Hayo yote yanamalizwa wakati wa kubuku. Walibuku kwa intaneti, wakaweka namba ya kadi (siku hizi wanaichukua, usipotokea wanakukata, pale ilikuwa 50 kwa kichwa), na palikuwa na kisanduku cha kuandika "aleji au mahitaji ya chakula". Shemeji kaandika "anniversary" ili waletewe mshumaa. Ukiandika hapo "bila nguruwe, bila mvinyo kwenye sosi wala kitamu, tunakula samaki" jiko la kiwango hiki lina asubuhi nzima ya kukupangia na kwa kawaida bei haibadiliki, kwa sababu kumpikia samaki yuleyule na sosi ya limau hakuwagharimu kitu. Saa saba kasoro jiko likiwa limejaa ni mambo mengine kabisa.

Basi kijana kamwambia dada, "naweza kukupendekezea sole, wa kuchomwa kwenye siagi na limau, hakuna mvinyo." Dada kafurahi. Hakuna aliyetaja bei.

Sasa kwa nini dada hakuona bei? Nilirudia kumuuliza mpaka akachoka. Kadi aliyopewa yeye haikuwa na bei! Hii ni desturi ya zamani ya nyumba za kifahari za Ufaransa, mwenyeji aliyebuku anapewa kadi yenye bei, mgeni wake anapewa isiyo na bei ili asijibane, na kwa miaka mingi "mgeni" maana yake ilikuwa mwanamke. Baadhi bado wanayo. Shemeji naye kadi yake, ndiyo ile dada aliyoipiga picha, ilikuwa ya menyu ya mchana, ya usiku imetajwa bei tu, haina sole kabisa. Kwa hiyo mezani kulikuwa na watu wawili na hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kuijua ile 28 mpaka ilipokuja bili. Sole alikuwa kwenye kadi kubwa ya usiku, hawakuletewa.

Hapo ndipo ninaposema kapigwa. Sio kwamba sole hana thamani hiyo, sole ni samaki ghali na alikuja mzima, dada anasema kijana alimchambua mfupa mbele yao kwa kijiko na uma, mkono wa fundi. Lakini Ufaransa kanuni ya Machi 1987 inataka bei za mgahawa zijulikane kwa mteja, kodi na huduma ikiwa ndani yake, menyu ibandikwe mpaka nje mlangoni kuanzia saa tano na nusu asubuhi. Roho ya jambo lote ni kwamba mtu asile asichojua bei yake. Neno moja lingetosha, "kuna nyongeza ya 28, madam, iko sawa?" Dada angekubali au angekula mboga. Kijana hakusema, nadhani kwa aibu ya kutaja hela kwenye meza ya anniversary zaidi ya ujanja, lakini matokeo ni yaleyale.

Jibini 19, gari la magurudumu limesukumwa mpaka mezani, limejaa, linanukia, shemeji kaonyesha kidole. Alijua anachofanya. Kahawa na chai 9 kila moja ni ghali ila zinakuja na visukari vidogo na chokoleti za bure, na kahawa yenyewe mara nyingi haimo ndani ya bei ya menyu, uliza tu.

Halafu ile 30 ya keshi. Hii hata mgahawa haukuiomba. Shemeji alishafanya kazi Marekani miaka ya nyuma na kule tipu ni kama lazima, kapiga hesabu ya asilimia kama kumi na kitu, kaona 30 ni kidogo akaacha kwa aibu! Kwenye menyu imeandikwa "prix nets, service compris", yaani huduma imo. Kanuni ya 1987 ndiyo hiyo. Weita wa Ufaransa ana mshahara. Ukiridhika acha euro tano, kumi kwa mahali kama pale, watashukuru kweli. Ukiacha sifuri hakuna atakayekukimbiza barabarani.

Kwa hiyo nje ya menyu ni 119 kwenye risiti. Nikizigawa mimi: 32 za juisi, 19 za jibini na 18 za kahawa wamezila kwa macho yao. Maji 11 ni ya kutojua, 11 nyingine ni ya kumiminiwa. 28 ni kosa la mgahawa.

Nikamwandikia shemeji barua pepe ya Kifaransa, fupi, bila hasira. Tukasifu chakula kwanza, hasa lile yai la kuanzia lililopikwa kwa moto mdogo karibu saa nzima mpaka kiini kinakuwa kama krimu, kwa sababu lilistahili sifa na kwa sababu barua ya malalamiko inayoanza na sifa Wafaransa wanaisoma mpaka mwisho. Kisha tukasema wazi: sole alipendekezwa kwa mdomo, kadi ya madam haikuwa na bei, ya mesie haikuwa na sole, nyongeza haikutajwa, tunaomba 28. Tukaambatanisha risiti na picha ya menyu. Kama wasingejibu tungepeleka SignalConso, ile huduma ya serikali ya mtandaoni ya kuripoti biashara, iko chini ya DGCCRF, idara ya serikali ya kulinda walaji, watu wa mgahawa wakiisikia hiyo wanakaa sawa, ila kwenye barua ya kwanza hatukuitaja na nashauri usiitaje.

Meneja alijibu wiki ileile. Kaomba radhi, kasema amezungumza na timu, 28 zikarudi kwenye kadi, na akawaalika wakirudi tena wapewe glasi mbili za shampeni kwa gharama ya nyumba. Shemeji kanipigia anacheka, ananiuliza shem, hizo shampeni wanaweza kuzigeuza zikawa jibini? Nimemwambia aulize, ila aulize kwa kuandika. Zile 11 za chupa ya pili nilitaka tuzidai pia, akakataa kata kata, anasema maji aliyanywa.